KIBABA, KOPO NA PAKITI: HISTORIA YA CHAKULA CHA TAYARI KATIKA MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI

1. UTANGULIZI

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands, chakula kilicho ghali kuliko vyote si lazima kiwe nyama au samaki. Aghalabu ni kile kinachonunuliwa kwa kiasi kidogo kabisa: sukari ya birika moja la chai, mafuta ya kukaangia mboga za jioni moja, unga wa mlo mmoja. Vipimo hivyo vikijumlishwa mpaka vitimie kilo, mnunuzi wake huwa amelipa zaidi kuliko jirani aliyenunua kilo nzima mara moja. Halikadhalika, maharagwe yaliyokwisha chemshwa, sukuma wiki iliyokwisha katwa na soseji iliyokwisha pashwa moto huuzwa kwa bei inayozidi ile ya chakula chenyewe kikiwa kibichi.

Jambo hili limekuwa likielezwa kwa njia mbili. Maelezo ya kwanza humlaumu mnunuzi: kwamba hajui hesabu, hapangi matumizi yake, au anaiga mambo ya kigeni. Maelezo ya pili humlaumu muuzaji: kwamba mwenye kibanda ni mnyonyaji wa jirani zake. Makala haya yanadai kwamba maelezo yote mawili hayatoshi, kwa kuwa hayazingatii historia. Yanakusudia kuonyesha kwamba mkazi wa Eastlands alifungamanishwa na chakula cha tayari kwa mambo matatu, nayo ni nyumba, mshahara na sheria. Na kwamba kumbukumbu ya mambo hayo imehifadhiwa katika majina ya vyakula na vipimo yanayotumiwa na wenyeji mpaka leo.

Kwa "chakula cha tayari" hapa panakusudiwa chakula chochote ambacho sehemu ya kazi ya jikoni, iwe ni kusaga, kukoboa, kuchemsha, kukata au kupima, imekwisha fanywa na mtu mwingine, na malipo ya kazi hiyo yamo ndani ya bei. Kwa maana hiyo pakiti ya unga ni chakula cha tayari sawasawa na kopo la maharagwe.

2. KUTOKA KIBABA HADI POSHO

Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, Kiswahili kilikuwa na mfumo wake kamili wa vipimo vya nafaka. Kibaba kilikuwa takriban ratili moja na nusu. Vibaba vinne vilifanya pishi. Na kwa mizigo mizito palikuwa na frasila. Kibaba hakikuwa kipimo cha sokoni tu. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mpagazi kwa siku moja. Chakula hicho cha kugawiwa kiliitwa posho. Hivyo, tangu mwanzo, neno posho halikutaja aina ya chakula bali uhusiano kati ya watu wawili: mmoja apimaye na mwingine apimiwaye.

Ukoloni ulilichukua neno hilo pamoja na uhusiano wake. Katika mashamba ya walowezi na katika kazi za reli, mwajiri alimpa kibarua posho kuwa sehemu ya ujira, na aghalabu kipimo kilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Unga ulipendelewa na waajiri kwa sababu ulihifadhika, ulisafirishika kwa urahisi na ulipikwa upesi kuliko nafaka nzima. Mahindi meupe yalienea kwa kasi mahali pa mtama na wimbi. Mwaka 1908 mlowezi Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga nafaka, nayo ikaitwa Unga. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba neno la kawaida kabisa la jikoni lilifanywa jina la kampuni. Tangu siku hizo kile kilichokuwa kazi ya jiwe la kusagia nyumbani kikaanza kuwa bidhaa.

Maana ya posho iligawanyika kadiri mahali palivyotofautiana. Nchini Uganda neno hili likawa jina la ugali wenyewe. Katika Nairobi lilishikamana na kinu cha mtaani na unga utokao humo, yaani unga wa posho, ambao hupambanuliwa na unga wa pakiti. Watanzania nao wana jozi yao, dona na sembe, ambayo inahusu namna unga ulivyosagwa: dona haikukobolewa na sembe imekobolewa. Wakazi wa Nairobi hupambanua unga kwa mahali unakotoka na namna unavyofungwa. Tofauti hii si ya bahati, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tano.

3. NYUMBA ISIYO NA JIKO

Mitaa ya mashariki haikujengwa kwa ajili ya familia. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakusanywe mahali pamoja chini ya macho ya manispaa. Karibu yake palikuwa na makazi ya wafanyakazi wa reli huko Muthurwa, na baadaye ikafuata mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Fikira iliyotawala ilikuwa kwamba Mwafrika ni mpita njia mjini; kwamba mke, watoto na shamba lake viko mashambani, na kwamba atarudi huko nguvu zikimwishia. Kwa hiyo alipewa nafasi ya kitanda katika chumba alichoshirikiana na wengine. Maji yalitoka katika bomba la wote. Pale palipokuwa na jiko, lilikuwa la watu wengi.

Mshahara ulikadiriwa kwa fikira hiyo hiyo. Ulikuwa mshahara wa mseja, uliopigiwa hesabu ya mahitaji ya mtu mmoja. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba hesabu hiyo igeuzwe hatua kwa hatua, ili mshahara wa chini utoshe kulisha familia. Pendekezo hilo lenyewe ni ushahidi: serikali ilikiri kwamba kwa muda wa nusu karne watu wazima walikuwa wamelipwa kana kwamba hawana wa kuwalisha.

Mtu asiye na jiko, asiye na ghala, na atokaye kazini jua linapokuchwa, hana budi kununua chakula kilichokwisha kufanyiwa kazi. Huduma hiyo ilitolewa kwanza na wanawake. Luise White, katika kitabu chake kuhusu Nairobi ya kikoloni kilichotolewa mwaka 1990, ameonyesha kwamba wanawake wa Pumwani na Pangani ya zamani waliowapokea wanaume vyumbani mwao waliuza pia chai, chakula kilichopikwa na maji ya kuogea. Claire Robertson naye, katika kitabu cha mwaka 1997, amefuatilia wanawake waliobeba maharagwe na mboga kutoka Kiambu na kwingineko hadi masoko ya mji, wakikabiliana na leseni, askari wa manispaa na, baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, makatazo makali zaidi.

Kwa hiyo chakula cha tayari cha kwanza katika Eastlands hakikutoka kiwandani wala Ulaya. Kilitoka katika sufuria ya mwanamke ambaye sheria haikumtambua kuwa mfanyabiashara. Githeri ni mfano ulio wazi. Mahindi na maharagwe makavu huhitaji saa kadhaa motoni. Kwa mpangaji anayenunua makaa kwa mkebe au mafuta ya taa kwa chupa, moto wa saa nyingi waweza kugharimu zaidi ya maharagwe yenyewe. Mwanamke achemshaye sufuria kubwa moja kwa ajili ya nyumba ishirini huutumia moto mmoja mahali pa mioto ishirini. Anayenunua githeri iliyochemshwa hulipa bei ya juu kwa kipimo, lakini hesabu yake ikitiwa makaa haina kosa.

4. KOPO LAINGIA MTAANI

Chakula cha kopo kilibuniwa kwa ajili ya watu walio mbali na jiko. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula mwaka 1810, baada ya serikali ya nchi yake kutafuta namna ya kulisha majeshi. Siagi ya kuiga, yaani majarini, ilibuniwa mwaka 1869 na Mfaransa mwingine, Hippolyte Mège-Mouriès, katika enzi ya Napoleon wa Tatu, ili ipatikane siagi rahisi. Katika Afrika ya Mashariki kopo lilikuja na msafiri, mwanajeshi na mlowezi. Mpagazi alilibeba kichwani siku nyingi kabla hajalila lililomo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vya Nairobi vilianza kumtazama Mwafrika wa mjini kuwa mnunuzi. Kampuni ya East Africa Industries, ambayo Unilever iliingia kwa nguvu katika miaka ya 1950, ilitengeneza majarini ya Blue Band na mafuta ya kupikia ya Kimbo na Cowboy. Viwanda hivyo vilikuwa katika Eneo la Viwanda, mwendo wa miguu kutoka Makongeni na Kaloleni. Wengi waliofunga makopo hayo walirudi jioni kuyanunua. Bidhaa nyingine ilichukua jina lake katika Kiswahili: unga wa Royco wa kukoleza mchuzi, ambao hata kwenye pakiti uliandikwa mchuzi. Neno lililotaja kazi ya mpishi ya kuunga nyanya, vitunguu na bizari likawa jina la kitu kilichofungwa katika karatasi.

Lakini wenyeji hawakupokea tu, waligeuza. Kopo lililokwisha mafuta halikutupwa. Lilifanywa kipimo. Debe, neno lililotoka katika lugha za Kihindi, lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne, nalo likawa kipimo cha mahindi na viazi kote nchini. Chini yake likaja gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia lichukualo takriban kilo mbili za nafaka, na ambalo jina lake linavuma vilevile katika magharibi ya Kenya. Mafuta ya Kasuku, yaliyopewa jina la ndege na kuchorwa picha yake, yaliacha mkebe ambao wachuuzi waliuita kasuku. Mtu aweza kuuza kasuku ya viazi au ya njegere bila ya msikilizaji kufikiria ndege wala mafuta.

Hivyo pishi na kibaba, ambavyo katika mji huu vilisahauliwa isipokuwa katika methali, vilirithiwa na takataka za kiwandani. Jambo hili lina maana zaidi ya mapenzi ya maneno. Kipimo cha serikali kilikuwa kilo na mizani, na mizani ilihitaji kununuliwa na kupigwa muhuri wa mkaguzi. Kopo halikuhitaji kitu. Liliwawezesha maelfu ya wachuuzi wasio na mtaji kuuza kwa haki iliyoonekana kwa macho. Upande wa pili, liliacha pia mlango wa hila: kitako cha gorogoro kilichogongwa kikabonyea kwa ndani hupunguza kipimo, na mnunuzi mwerevu hutazama chini ya kopo kabla ya kutazama juu. Mkulima naye hupunjwa kwa kinyume chake, yaani kwa lumbesa, gunia lililofurishwa kupita mdomo wake na kulipwa kama gunia moja. Kati ya gunia lililofura shambani na kopo lililobonyea mtaani, ndipo faida nyingi za katikati zilipo.

5. UNGA WA PAKITI NA SHERIA YA MAHINDI

Mfano mkubwa kuliko yote wa chakula cha tayari ambacho mtu wa Eastlands alikilipia kwa lazima ni pakiti ya unga wa mahindi uliokobolewa. Wengi hudhani kwamba watu wa mjini waliuchagua unga huu kwa weupe wake na hadhi yake. Historia ya sheria yaonyesha kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na uchaguzi wa kweli.

Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi. Mahindi yalipaswa kuuzwa kwa chombo cha serikali kwa bei iliyowekwa, na hayakuruhusiwa kuvuka mipaka ya wilaya bila kibali isipokuwa kwa kiasi kidogo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 chombo kilibadilishwa jina zaidi ya mara moja, hata ikafikiwa Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, lakini kanuni ilibaki. Mahindi yaliyonunuliwa na serikali yaliuziwa wasagaji wakubwa wenye vinu vya kukoboa, na wao wakayatoa kuwa pakiti za kilo mbili. Mkazi wa Jericho au Dandora aliyetaka mahindi mazima ili ayasagishe mwenyewe hakuyapata kwa wingi wala kwa hakika, kwa kuwa gunia lililoingia mjini bila kibali lilikuwa magendo. Vizuizi vya barabarani vilifanya kila debe lililopita liwe na rushwa ndani yake.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Serikali ilidhibiti bei ya unga wa pakiti kwa madhumuni ya kumsaidia maskini wa mjini, na wakati huohuo ikamfungia mlango wa unga ulio rahisi zaidi. Unga wenyewe ulikuwa umeondolewa pumba na kiini, yaani sehemu zenye mafuta, protini na vitamini nyingi, ambazo ziliuzwa kando kuwa chakula cha mifugo. Mnunuzi alilipa ili apunguziwe lishe. Ilipofika ukame wa mwaka 1984 na mahindi ya manjano yakaagizwa kutoka ng'ambo, watu wa mjini walionekana kuyachukia kama chakula cha wanyama. Lakini ladha hiyo ya weupe ilikuwa imefunzwa kwa muda wa miongo minne na pakiti ya aina moja.

Udhibiti wa kusafirisha mahindi na wa bei ya unga uliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993. Kilichofuata kilikuwa kama jaribio la maabara. Vinu vya posho vilizagaa katika mitaa ya Nairobi, na uchunguzi wa Mulinge Mukumbu na T. S. Jayne uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wakazi wengi, hasa wa kipato cha chini, walihamia unga wa kinu kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko wa pakiti. Wale waliokuwa wakisemwa kwamba hawajui hesabu waliifanya hesabu mara tu waliporuhusiwa. Mambo yaliyofanana na hayo yalitokea katika maziwa: mwaka 1992 ukiritimba wa Kenya Co-operative Creameries katika miji uliondolewa, na maziwa ya kupima yakarudi mtaani hadharani.

Mwaka 2012 sheria iliwalazimisha wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti. Nia ilikuwa njema. Lakini mnunuzi sasa alilipia kwanza kuondolewa kwa lishe na kisha kurudishwa kwa baadhi yake. Pakiti haikuwa dhamana ya usalama pia, kwani Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu ya kuvu.

6. KADOGO: PAKITI YAGAWANYWA

Katika sarufi ya Kiswahili sanifu udogo huonyeshwa kwa viambishi ki- na vi-. Nairobi hutumia ka- na tu-, kwa athari ya lugha jirani kama Kikuyu na Kikamba, ijapokuwa sarufi za zamani zinataja mabaki ya ka- katika Kiswahili chenyewe, mathalani katika neno katoto. Kutokana na ka- likapatikana jina la mfumo mzima wa uchumi: kadogo. Kununua kadogo ni kununua kile kinachotosha sasa hivi: kijiko cha majarini kilichopakwa kwenye mkate, robo ya kikombe cha mafuta, nusu ya mkate, majani ya chai ya birika moja.

Tuchukue mfano wa hesabu tupu. Ikiwa kilo ya bidhaa yauzwa kwa shilingi 100, na mwenye kibanda akaigawa mafungu ishirini ya shilingi 7, kilo hiyo itampa shilingi 140. Mnunuzi wa kadogo amezidishiwa shilingi 40 katika kila mia. Hakuna ubishi juu ya hilo. Lakini yafaa iulizwe shilingi 40 hizo zimenunua nini. Kwanza, zimenunua kugawanywa na kupimwa. Pili, zimenunua ukaribu na saa: kibanda hufunguliwa kabla ya alfajiri na kufungwa usiku. Tatu, na hili ni muhimu kuliko yote, mara nyingi zimenunua deni. Kibarua alipwaye kwa siku na asiyeajiriwa siku zote hana benki itakayomkopesha unga wa jioni. Mwenye kibanda humwandika daftarini, bila rehani ila kujuana. Nne, zimenunua ghala, kwa maana mtu aliye na chumba kimoja na watoto wanne hawezi kuhifadhi mafuta ya mwezi mzima yasiishe kabla ya wiki.

Hili si jambo la Nairobi pekee. Mwaka 1963 mwanasosholojia David Caplovitz alieleza jinsi familia maskini za New York zilivyolipa bei kubwa zaidi kwa vyombo vya nyumbani, kwa kuwa maduka ya bei nafuu hayakuwapa mkopo. Tofauti ni kwamba kule muuzaji alikuwa aghalabu mtu wa tabaka jingine, ilhali katika Eastlands mwenye kibanda huishi katika nyumba zilezile na hubomolewa pamoja na wateja wake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliwatetea wachuuzi hawa na kutaka serikali iache kuwasumbua. Hata hivyo, ubomoaji uliendelea; ule wa Muoroto, Mei 1990, unakumbukwa zaidi kwa ukali wake. Kila kibanda kilichovunjwa kilijengwa upya kwa gharama, na gharama hiyo iliingizwa katika kijiko cha sukari.

Makampuni makubwa yalipoona kwamba pakiti zao zinapasuliwa vibandani, yalijifunza kuzipasua yenyewe. Mafuta, majarini, sabuni na viungo vikafungwa katika vifuko vya shilingi chache. Faida ya kugawanya, iliyokuwa ya mama wa kibanda, ikaanza kurudi kiwandani. Kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 kulizidisha mwelekeo huo, kwa kuwa mchuuzi alinyang'anywa kijuala alichofungia vipimo vyake, ilhali vifungio vya kiwandani viliruhusiwa. Kwa upande mwingine, mashine za kuuzia maziwa zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2010 zimemrudishia mnunuzi haki ya kutaja kiasi cha fedha alicho nacho na kupata maziwa ya kiasi hicho kwa bei isiyobadilika. Kibaba kimerudi, safari hii kikiwa na umeme.

7. SUKUMA ILIYOKATWA

Maduka makubwa ya kujihudumia, yaani supamaketi, yalianza kuwa sehemu ya maisha ya wananchi wa kawaida baada ya serikali kuunda kampuni ya Uchumi mwaka 1975. Katika miaka hiyohiyo mitaa mipya ya tabaka la kati, Buruburu ikiwa mbele, ilijengwa katika Eastlands, na nyumba zake zilikuwa na jiko la ndani. Hapo pakatokea wateja wa aina mbili katika eneo moja.

Tazama sukuma wiki. Jina lenyewe ni historia ya mshahara: ni mboga inayoisukuma wiki hadi siku ya malipo. Jioni, kando ya njia za Umoja, Kayole na Dandora, mama mboga huikata nyembamba mbele ya mteja kwa kisu kikali na kumtilia nyongeza. Katika supamaketi mboga hiyohiyo huonekana imekatwa, imewekwa katika sahani nyepesi na kufunikwa kwa utando, kwa bei ya juu zaidi. Kazi ni ileile. Lakini kwa mama mboga mteja huona jani kabla halijakatwa, hubishana, hukopa. Katika supamaketi analipia hasa kutobishana.

Majina ya vyakula vya jioni yameendelea kuzaliwa mtaani. Viazi vya kukaanga viuzwavyo nje ya mikahawa huitwa chipsi mwitu, yaani chipsi zisizo na leseni, kama mnyama asiyefugwa. Soseji ndogo za kiwandani ziitwazo smoki hupasuliwa, hutiwa kachumbari na kuitwa smoki pasua. Yai la kuchemsha nalo ni mayai pasua. Hapa kitenzi kimesimama mahali pa kivumishi, na kinataja kazi iliyoongezwa na mchuuzi. Kiwanda kilileta soseji. Mtaa uliongeza kisu, kachumbari na jina. Bei inayozidi ile ya dukani ndiyo ujira wa kijana mwenye mkokoteni, na kwa wengi wao ndio ujira pekee.

8. HITIMISHO

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mkazi wa Eastlands hakupumbazwa na pakiti. Alipewa nyumba isiyo na jiko, mshahara wa mtu mmoja, na sheria iliyomkataza kununua nafaka kwa uhuru. Kisha akasutwa kwa kununua vilivyokwisha pikwa na kusagwa. Kila alipopata nafasi ya kuchagua, kama mwaka 1993, alichagua kwa busara.

Funzo hili halijazingatiwa vya kutosha na watunga sera. Mei 2017, bei ya unga ilipopanda, serikali ilitoa ruzuku kupitia kwa wasagaji ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Julai 2022, bei ilipokuwa imepita shilingi 200, ilitangazwa kwamba pakiti hiyo itauzwa shilingi 100. Ruzuku zote mbili zilifungwa ndani ya pakiti. Aliyenunua kwa kinu hakufikiwa, na mnunuzi wa kadogo, ambaye ndiye maskini zaidi, alifikiwa tu kama mwenye kibanda alipenda. Haba na haba hujaza kibaba, husema wahenga. Ila katika masoko ya mji huu kibaba ndicho kinachovunjwa kuwa haba na haba, na ziada ya kila kipande huenda kujaza kibaba cha mwingine.

Kwa wataalamu wa Kiswahili kuna wajibu wa ziada. Maneno kama gorogoro, kasuku, kadogo, lumbesa na mwitu mara nyingi huachwa nje ya mafunzo kwa kudhaniwa kuwa lugha ya mitaani isiyo na asili. Kwa hakika ni hati za historia, zilizoandikwa na watu ambao daftari zao nyingine zilibomolewa pamoja na vibanda. Hapana budi yakusanywe pamoja na ujazo wa kila kipimo, bei yake na mwaka wake, kabla makopo hayo hayajatoweka sokoni na majina yake kubaki bila mtu awezaye kueleza yalipima nini.